Mdomo wa Bunduki: Moshi, Mwako na Shabaha Kandokando ya Nyanza

Mahali risasi inapotokea Waswahili hupaita mdomo wa bunduki, na wazo hilo si lao peke yao. Wajerumani walilitoa jina la sehemu hiyo katika neno lao la mdomo. Wafaransa huuita mdomo bila kuzunguka, na mzinga kwao ni mdomo wa moto. Waingereza waliona hapo mdomo wa mnyama, ule unaochomoza mbele ya macho kama wa mbwa au farasi. Lugha nne zimekubaliana kwamba chombo hiki kinasema. Na kila kinachosema huweza kumfichua msemaji.

Makala haya yanalinganisha namna mapokeo mbalimbali ya ufuaji na uhandisi yalivyojaribu kuutawala mdomo huo: kuupunguzia mwako, kuutuliza, na kuufanya utoe risasi iende ilikolengwa. Nimeyatazama nikiwa upande wa Mwanza kwa sababu iliyo wazi. Katika karne moja na nusu, ufuo wa Ziwa Victoria, Nyanza yetu, umepitiwa na gobori la kushindiliwa, Mauser ya baruti nyeusi, bunduki ya Kiingereza isiyo na moshi, na ile ya Kichina ambayo magazeti yetu huiita SMG. Ng'ambo ya maji, Kenya ilishika bunduki ya Kijerumani yenye mdomo wa namna nyingine kabisa. Silaha zilizobuniwa mbali mbali na kwa fikra tofauti zimekutana kwenye maji mamoja. Nitaziuliza zote swali moja: ulipounda mdomo huu, uliamua nani abebe gharama ya risasi kutoka? Maana gharama haikosekani, na mafundi wa kila nchi walilijua hilo.

Kwanza tuelewane juu ya kinachotoka. Risasi inapofika mdomoni, nyuma yake ipo gesi ya moto iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Risasi ikichomoka, gesi hupasuka nje kwa kasi inayoishinda risasi yenyewe, na kwa kitambo kidogo mno huizunguka na kuipita. Jicho huona mwanga mmoja, lakini ni mianga mitatu inayofuatana. Wa kwanza ni wa gesi yenyewe, iliyo moto kiasi cha kung'aa. Wa pili hutokea mbele kidogo ya mdomo, pale gesi iliyokwisha kutanuka na kupoa inapogota kwenye wimbi la mshindo na kupata joto upya. Wa tatu, ulio mkubwa kupita yote, huzaliwa pale gesi zisizokwisha kuungua, hasa kaboni monoksidi na haidrojeni, zinapokutana na oksijeni ya hewani na kuwaka. Mvuvi wa dagaa aliyewahi kuwasha karabai ataelewa upesi: mvuke wa mafuta ya taa hautoi nuru mpaka uchanganyike na hewa kwa kipimo chake. Mwako mkubwa wa bunduki nao ni moto unaowakia nje ya kasiba, kwa hewa ya nje.

Mvuvi huyo analijua na jambo la pili. Aliyeitazama taa yake hawezi kuuona mtumbwi ulio gizani hatua chache kutoka kwake. Jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mwanga wa ghafla huiharibu kazi hiyo mara moja. Kwa hiyo mwako una hasara mbili ambazo watu huzichanganya. Humwonyesha mpigaji kwa adui, na humpofusha mpigaji mwenyewe. Kifaa kinachofaa kwa hasara ya pili si lazima kifae kwa ya kwanza. Vifaa vingi vya kupunguza mwako hulinda zaidi macho ya mwenye bunduki kuliko vinavyomficha kwa anayetazamana naye.

Vifaa vya mdomoni viko vya koo tatu kubwa. Ukoo wa kwanza hupunguza mwako: huipasua gesi kwa vidole au matundu marefu ili lile wimbi la mshindo livunjike na gesi ipoe kabla ya kupata nafasi ya kuwaka. Wa pili hupunguza teke: una kuta zinazoipokea gesi na kuitupa kando au nyuma, na gesi inapozisukuma kuta hizo, bunduki nzima huvutwa mbele na bega hupumzika. Wa tatu hutuliza mdomo usipande juu: gesi hutolewa upande wa juu, nayo hukandamiza kasiba chini. Koo hizi huoana, na kifaa kimoja chaweza kuwa na damu ya zote tatu. Lakini kila ndoa ina mahari yake. Anayetupa gesi kando humrushia jirani mshindo masikioni na vumbi machoni. Anayeipasua gesi ili isiwake hupata nafuu ndogo tu ya teke. Kinachobaki ni kuchagua.

Mapokeo ya kale zaidi katika ulinganisho huu hayakuwa na kifaa chochote mdomoni. Bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, ilidumu mikononi mwa Waarabu wa Omani na watu wa pwani hata karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, na sifa yake kubwa ilikuwa urefu wa kasiba. Nyuma yake yakaja magobori ya gumegume na ya fataki, mengi yakiwa silaha zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Yalipita Zanzibar, yakapanda na misafara hadi Tabora, na kutoka huko yakaufikia ufuo wa ziwa. Urefu wa kasiba haukuwa pambo. Uliipa baruti nyeusi nafasi ya kuungua na gesi nafasi ya kupoa kabla ya kutoka, na ulimpa mlengaji mstari mrefu wa kulengea. Kazi ambayo wengine baadaye waliikabidhi kwa kifaa kilichofungwa mdomoni, mapokeo haya yaliikabidhi kwa chuma chenyewe.

Gobori la gumegume lilikuwa na mioto miwili, na hapo ndipo linapotofautiana na kila bunduki iliyolifuata. Moto wa kwanza uliwaka kando, kwenye kisahani cha baruti, karibu na shavu la mpigaji. Wa pili ulitoka mdomoni. Kati ya mmoja na mwingine palikuwa na kitambo, na katika kitambo hicho mpigaji alipepesa jicho, mkono ukatikisika. Fataki ilipoufunika ule moto wa kando, shabaha ilinufaika pasipo mdomo kuguswa. Kwa hiyo mwako na shabaha havikuunganishwa na mdomo peke yake tangu mwanzo. Viliunganishwa pia na woga wa mwili wa mtu, ambao hakuna fundi anayeweza kuufua.

Moshi lakini ulibaki. Baruti nyeusi ni shura kwa sehemu 75 katika 100, na kinachosalia ni makaa na kiberiti. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki vumbi gumu linaloelea hewani au kuganda ndani ya kasiba. Pafukapo moshi pana moto, na katika vita vya baruti nyeusi methali hiyo ilikuwa amri ya kulenga. Mwindaji aliyefyatua gobori alifunikwa na wingu lake mwenyewe, akawa haoni alichokipiga, huku kila aliye mbali akiona alipo. Masizi yale yaliyoganda ndani ya kasiba nayo yaliifanya risasi ya pili iwe ngumu kushindilia kwa mdeki, na ya tatu ngumu zaidi. Ndiyo maana risasi ya gobori iliachwa ipwaye kidogo, na risasi inayopwaya haina hakika ya njia. Wenye gobori walilijibu hilo kwa kusogea karibu. Ilikuwa hekima ya silaha hiyo, kama vile kunyata ilivyo hekima ya upinde.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na kufikia 1886 jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki yake, Lebel. Uingereza na Ujerumani zikafuata katika miaka michache. Afrika Mashariki mabadiliko hayo hayakufika kwa wakati mmoja kwa wote, na kandokando ya Nyanza tofauti ilionekana wazi. Vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi za Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Kombania ya 7 ilikuwa Bukoba, ya 14 Mwanza na Ikoma. Upande wa pili walikuja wanajeshi wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na wenzao wakiwa na bunduki za Kiingereza zenye baruti isiyo na moshi.

Fikiria majibizano hayo vichakani. Mmoja akipiga, wingu jeupe husimama juu ya kichaka chake. Mwingine akipiga, husikika mlio tu, na mlio vichakani hauna anwani. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika katika kumbukumbu zake za vita kwamba moshi wa bunduki hizo ulikuwa hasara kubwa katika mapigano ya porini, hasa adui alipokuwa na silaha isiyo na moshi. Baada ya vita vya Tanga mnamo Novemba 1914 bunduki 455 na bombomu 16 za Waingereza ziliangukia mikononi mwa Wajerumani, na thamani yake haikuwa ya idadi peke yake. Askari aliyeiacha Mauser ya 1871 na kushika bunduki mpya alikuwa amevua wingu lililomfichua. Kwenye ziwa, Waingereza walivuka kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915. Mwaka uliofuata walishika Ukerewe mwezi wa Juni, na Mwanza tarehe 14 Julai. Sisemi kwamba moshi ndio ulioamua vita hivyo. Meli, chakula, maradhi na idadi ya watu viliamua zaidi. Nasema kwamba askari wawili Waafrika, pengine wa lugha moja, walitazamana kupitia baruti mbili za karne mbili tofauti, na ni mmoja wao tu aliyeonekana.

Katika vita hivyohivyo mdomo ulipewa na kazi ya namna nyingine. Bombomu ya Kiingereza iitwayo Vickers, ya mwaka 1912, ilikuwa na kikombe mdomoni ambacho hakikukusudiwa kumpunguzia mtu chochote. Kiliizuia gesi kidogo ili iisukume kasiba nyuma kwa nguvu zaidi, na mtambo uendelee kujipakia risasi. Bunduki ya begani hulihesabu teke kuwa adui wa kutulizwa. Kwa bombomu teke lilikuwa mfanyakazi wa kuongezewa nguvu. Gesi ni ileile. Kilichotofautiana ni ombi lililopelekwa kwake.

Ushindi wa baruti mpya nao ulizaa tatizo jipya, na hapa mapokeo ya Ujerumani na ya Uingereza yanapendeza kuwekwa sambamba. Baruti isiyo na moshi hutoa gesi nyingi inayoweza kuwaka tena ikikutana na hewa, na kasiba ikifupishwa gesi hutoka ikiwa bado na moto na msukumo mwingi. Kilichokuwa kimefichwa mchana kikafichuliwa usiku. Wajerumani walijifunza hilo mapema. Bunduki yao fupi ya wapanda farasi, ilipopewa risasi mpya yenye nguvu iliyotoka 1903, ilitoa mwako na teke visivyovumilika. Jibu lao la 1908 lilikuwa kurefusha kasiba hadi sentimita 59, huku bunduki ndefu ya askari wa miguu ikibaki na sentimita 74. Hawakufunga kitu mdomoni. Walirudia, bila kudhamiria, jibu la bunduki ya mrao: wape moto urefu wa kutosha utulie ndani.

Waingereza walipofikia njia panda hiyohiyo, walishika upande wa pili. Vita vya misitu ya Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944 ikiwa na vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, vilionyesha kwamba bunduki ndefu husumbua kati ya miti na mianzi. Mwaka huo Uingereza ikaanza kutengeneza Lee-Enfield namba 5, yenye kasiba ya sentimita 48 hivi badala ya 64. Kilichopungua kwenye urefu kilidaiwa na mwako. Kwa hiyo mdomoni ikafungwa faneli ya chuma, nyembamba nyuma na pana mbele, ili gesi itanuke humo na macho ya mpigaji yakingwe. Mjerumani alilipa kwa urefu, akahifadhi wepesi wa mdomo. Mwingereza alilipa kwa chuma mdomoni, akapata bunduki fupi. Mmoja alizifikiria tambarare za Ulaya na mwingine msitu wa mvua, na kila jibu lina akili ya mahali lilipozaliwa.

Namba 5 pia inatufundisha kuhusu shabaha. Wengi walioitumia walilalamika kwamba ikilengwa vizuri leo, kesho hupiga pembeni, na utengenezaji wake ukasimamishwa 1947. Wapo walioilaumu faneli. Lakini mdomo haukuwa mahali pekee palipobadilishwa. Ili bunduki iwe nyepesi, chuma kilikuwa kimepunguzwa kwenye kasiba na kwenye mwili wake, na wengi huamini chanzo kilikuwa huko. Kifaa cha mdomoni huonekana kwanza, kwa hiyo hulaumiwa kwanza na kusifiwa kwanza, hata pale ukweli ulipo nyuma, karibu na mtambo.

Basi kifaa hiki huigusa shabaha kwa njia gani? Kwa njia tatu ninazoweza kuzitaja kwa uhakika. Ya kwanza ni uzito. Kasiba hutetemeka risasi inapopita, na ukiifunga kitu nchani unabadilisha mtetemo wake. Risasi zitaangukia mahali pengine, pengine zikiwa zimekusanyika vilevile, pengine zaidi au pungufu. Ndiyo sababu kila anayefunga au kuondoa kifaa hulazimika kusawazisha shabaha upya. Ya pili ni usawa wa gesi. Gesi inayoipita risasi ikitoka sawa pande zote, haiisumbui. Ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine, huiinamisha, na mwinamo mdogo mdomoni huzaa mkengeuko mkubwa mita mia mbele. Kifaa kilichofungwa upogo, au ukingo wa kasiba uliochubuliwa kwa miaka mingi na fimbo ya kusafishia, hufanya uharibifu huo kimyakimya. Ya tatu ni mpigaji: teke likipungua na macho yasipopofushwa, mtu hulenga risasi ya pili bila kujikunja. Kwa njia mbili za kwanza kifaa hakiongezi shabaha ila kwa bahati. Kikiwa kizuri hakiidhuru. Faida yake ya hakika iko kwa binadamu aliye nyuma.

Hapo upinde unastahili kiti katika baraza hili. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, kusini mashariki ya Nyanza, bado hutengeneza pinde na mishale ya kuwindia, na silaha yao haina moshi wala mwako, na mlio wake ni mdogo. Hata hivyo sheria ya mguso wa mwisho inautawala upinde kama inavyoitawala bunduki. Mshale hupindapinda unapoachiliwa, na namna uzi na vidole vinavyouaga huamua mwelekeo wake. Mwindaji hurekebisha kwa manyoya ya mkiani, yanayounyoosha mshale ukiwa njiani. Bunduki hurekebisha kwa mifereji ya msokoto ndani ya kasiba, inayoizungusha risasi isiyumbe. Mmoja ameiweka tiba nyuma ya mshale, mwingine ndani ya kasiba, lakini wote wawili wanajua kwamba kinachoruka hubeba kumbukumbu ya kitu cha mwisho kilichokigusa. Fundi wa manyoya na fundi wa ukingo wa kasiba ni watu wa chuo kimoja.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ililigawa ziwa letu kwa midomo. Baada ya maasi ya jeshi la Tanganyika Januari 1964, kikosi kilichorithiwa kwa Waingereza kilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ambalo miaka iliyofuata lilipata mafunzo na silaha kutoka China. Bunduki iliyokuja na msaada huo ni ndugu wa AK ya Kirusi, toleo la Kichina la 1956. Tunaiita SMG, na jina hilo linaafikiana na Wachina wenyewe, walioiweka katika fungu la bunduki ndogo za rasharasha. Mdomo wake wa kawaida uko wazi: pete ya kulinda nyuzi za parafujo, na basi. Kenya kwa upande wake ilitumia G3, bunduki ya Ujerumani Magharibi iliyoingia jeshini huko 1959, ambayo mdomo wake una kifaa chenye matundu marefu ya kupasua gesi. Kifaa hicho kilipewa unene wa milimita 22 ili kiweze pia kubeba bomu la kurushwa kwa bunduki.

Tofauti hii haimaanishi kwamba upande mmoja ulijua na mwingine ulikuwa mjinga. Risasi ya G3 ina nguvu kubwa na baruti nyingi, na kasiba yake ni sentimita 45 tu. Bila matundu hayo, mwako wake usiku ungekuwa mzigo. Risasi ya AK ni fupi na baruti yake ni kidogo. Waliochagua mdomo wazi walithamini urahisi: kisichokuwapo hakipotei, hakijai tope, wala hakimchanganyi askari aliyefundishwa kwa haraka. Jeshi lililotarajia kuwa jeshi la wananchi lilikuwa na sababu ya kuupenda uwazi huo. Gharama yake ilibebwa na mpigaji, kwa mwako usiku na kwa mdomo unaopanda juu akipiga mfululizo. Bunduki hizo ndizo zilizotoka Kagera, baada ya kuvamiwa na jeshi la Uganda Oktoba 1978, zikafika Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Warusi wenyewe hawakuridhika na mdomo wazi. AKM, iliyoingia 1959, baadaye ilipewa kijiko kidogo kilichokatwa mshazari. Ni kifaa sahili kupita vyote ninavyovijua: gesi hugonga sehemu iliyobaki ndefu chini, ikasukuma mdomo chini na kushoto, kinyume cha upande ambao bunduki humkimbilia mtu wa mkono wa kulia. Hakizimi mwako. Kinajali risasi ya tatu na ya nne zisiende mbinguni. Mwaka 1974, pamoja na AK-74, walikwenda mbali zaidi kwa kifaa kirefu chenye vyumba, kinachopunguza teke mno, na kinachomwachia aliye kando mshindo mkali zaidi.

Wamarekani walianzia mwisho wa pili. M16 ya kwanza ilikuwa na vidole vitatu vilivyo wazi mbele, hodari kwa kuzima mwako. Huko Vietnam vidole hivyo vilinasa mimea itambaayo ya porini na kuruhusu maji kuingia kasibani, kwa hiyo vikafungwa kwa pete mbele, vikawa kizimba. Miaka ya 1980 matundu ya chini yakazibwa ili askari aliyelala asijitimulie vumbi na mdomo usipande. Kwa hatua tatu kifaa cha mwako kikajifunza kazi ya kutuliza mdomo. Mrusi alianza kwa kutuliza, Mmarekani kwa kuzima, na wote wawili wakasogea kuelekea katikati, kila mmoja akiburuta alama za alikotoka.

Tukiyakusanya haya yote, naona jambo moja lenye uzito kuliko orodha ya vifaa. Hakuna mapokeo yaliyoufunga mdomo. Kila moja lilihamisha ushahidi. Gobori lilihamishia ushahidi kwenye moshi, Lebel na wenzake wakauhamishia kwenye mwako, faneli ya Burma ikauhamishia pembeni mwa jicho la mpigaji, na vyumba vya Kirusi vikauhamishia kwenye masikio ya jirani. Mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Mwunda mdomo wa bunduki, kinyume chake, anajua vizuri sana atakayepatwa na gharama, kwa kuwa amemchagua.

Ushahidi mkubwa wa undugu wao uko kwenye kemia. Wanakemia wa baruti za kisasa, walipotaka kuzima ule mwanga wa tatu bila kufunga kitu mdomoni, waligundua kwamba chumvi za potasiamu, zikitiwa kidogo ndani ya baruti, huzuia gesi isiwake upya hewani. Zilifanya kazi, ila zilirudisha moshi. Na shura, ile iliyojaza robo tatu ya baruti ya gobori, ni chumvi ya potasiamu. Maabara za karne ya 20, zilipokuwa zikiutafuta usiku usio na mwako, ziliukuta mlangoni moshi wa babu zetu.

Jioni ukisimama Capri Point, hapa Mwanza, utaona taa za wavuvi wa dagaa zikitandazwa majini moja baada ya nyingine, siku hizi nyingi zikiwa za umeme wa jua badala ya karabai. Watu hao wanafanya kazi usiku na wanataka waonekane. Mwanga wao huita samaki, na huambiana nani yuko wapi. Mwenye bunduki hutaka kuyaona yote asionekane, na mafundi wa dunia nzima wamemsaidia kwa karne kadhaa kwa akili nyingi na ya kuheshimiwa. Lakini kutoka kwa mrao hadi kizimba cha chuma, hawajaweza kumpa hilo lote. Risasi ikitoka, yupo atakayejua ilikotoka, na yupo atakayelipa.